Debe Moja kwa Mtu Mmoja

Chawia,
12 Septemba 1976

Kwa ndugu yangu Donald,

Huku tu wazima, isipokuwa yule mbuzi mweupe, ambaye hata akiwa mzima hujifanya mgonjwa. Wewe sijui hali yako, maana tangu Krismasi ya mwaka juzi hujapanda mlima huu, na kutoka Voi mpaka hapa si Ulaya. Mama alipokuwa hai ulisema kazi ni nyingi. Sasa mama hayupo na kazi bado ni nyingi. Haya.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya hilo. Nakuandikia kwa ajili ya mahindi.

Unajua baridi ya huku juu inavyochelewesha mahindi yetu. Watu wa Mata na Chala, kule Taveta, wana maji ya mifereji, wao huvuna mapema. Halafu yule Mbaruk wa Voi anayapakia kwenye lori lake na kuyaleta mpaka milangoni mwetu. Yetu yanapokauka, kila mtu ameshajaza ghala kwa mahindi ya chini. Mwaka huu wateja wangu walikuwa panya, na hata wao walichagua.

Jumamosi tulikutana wakulima arobaini, tukaunda Umoja wa Wakulima wa Mlimani. Mwenyekiti ni mimi. Katibu ni Danson, lakini mwandiko wake hata yeye mwenyewe hawezi kuusoma kesho yake. Tunataka serikali iweke kizuizi pale chini, barabara inapoanza kupanda, mahindi ya chini yasipite mpaka yetu yaishe. Serikali si inapanga bei ya maziwa? Si inajua kahawa ya kila mtu iko wapi? Wenye kahawa wana chama, ndiyo maana wakikohoa Nairobi wanasikia. Na sisi tunataka kukohoa.

Wewe ni karani katika ofisi ya kilimo hapo Voi, na taipureta unayo. Tuandikie barua ya kuumiza moyo. Usiseme ni wewe.

Dada yako,
Tryphena Wakesho


Voi,
25 Septemba 1976

Dada Tryphena,

Salamu nimezipokea, hata zile zenye miiba. Nitakuja kazi ikipungua.

Barua yenu hii hapa, nakala tatu. Tafadhali mzitie sahihi wote arobaini, asiyejua kuandika aweke dole gumba, halafu mzitume kwa posta zifike ofisini kama kitu kigeni. Mimi ndiye nitakayezifungua, nitazigonga muhuri, nitashangaa, kisha nitampelekea Bwana Afisa. Nimemalizia hivi: "Machozi ya mnyonge yameilowesha ardhi hii kuliko mvua." Nililitaipu neno hilo mara mbili kwa raha yake.

Nikueleze namna mambo haya yanavyokwenda, maana miaka sita nimekaa nayataipu. Mwenye mshahara anataka unga rahisi. Mkulima anataka mahindi ghali. Mfanyabiashara anataka kununua kwa mkulima kwa bei anayoitaka mwenye mshahara, na kumuuzia mwenye mshahara kwa bei anayoitaka mkulima. Wote watatu wanakuja ofisini kusema wao ndio mwananchi wa kawaida. Bwana Afisa anawasikiliza, anakubali, na mwisho anayepewa ni yule aliyeleta barua iliyo tayari kutiwa sahihi. Afisa mwenyewe si mtu mbaya. Ana faili nyingi, na mkono wake mmoja unauma.

Jambo moja tu, Dada. Lile shamba aliloliacha marehemu shemeji kule nyikani, karibu na stesheni ya Bura, bado unalilima? Nauliza tu.

Wako mtiifu,
Donald Mwasi


Chawia,
2 Oktoba 1976

Donald,

Barua ni nzuri. Jirani yangu Dinah alipoisikia alilia, na yeye ndiye aliyekuwa akicheka msibani kwa marehemu mume wangu Zephaniah.

Mambo ya shamba niachie mimi, wewe shughulika na muhuri. Bila shaka nalilima. Mwaka huu nimelipanda lote, maana huku juu udongo umechoka. Mungu akileta mvua za vuli nitapata magunia kumi na mawili, chakula cha nyumba hii mwaka mzima. Sasa hilo linahusiana nini na mahindi ya chini? Mahindi ya chini ni ya watu wa chini.

Tryphena, Mwenyekiti


Voi, Mtaa wa Sokoni,
10 Oktoba 1976

Mheshimiwa Bwana Donald,

Baada ya salamu na kukutakia afya njema wewe na wote walio nawe, nakuarifu kwamba waraka uliotuandikia sisi wafanyabiashara umetufikia, na tumeusoma mara tatu kwa utamu wake. Saadiya, mke wangu, alitokwa na machozi pale uliposema, "Machozi ya mnyonge yameilowesha ardhi hii kuliko mvua." Hakujua kama mnyonge mwenyewe ni mimi, mumewe, mwenye malori mawili.

Sasa ninalo ombi dogo. Tumepata kusikia kwamba watu wa mlimani wanataka kizuizi. Sisi hatuna neno nao, kizuizi na kiwe. Ila ongeza mstari mmoja tu, kwamba biashara ya kupandisha mahindi ikiachiwa kila mtu na punda wake itakuwa fujo, na itafaa vibali wapewe wenye leseni peke yao, watu wanaojulikana. Si kwa faida yetu. Ni kwa utaratibu.

Mwanaesha binti yangu atakuletea halua kidogo ofisini. Usiione kuwa ni kitu. Ni halua tu.

Akuombeaye heri,
Mbaruk Abdulghani


TANGAZO
Voi, 20 Desemba 1976

Kwa kuwa wakulima wa mlimani wameomba, na kwa kuwa wafanyabiashara wa Voi nao wameomba, wananchi wote wanatangaziwa ya kwamba:

1. Kuanzia tarehe 15 Januari 1977 hakuna mahindi yatakayopandishwa kwa barabara ya Chawia bila kibali.
2. Vibali vitatolewa kwa wafanyabiashara wenye leseni peke yao.
3. Atakayepinga amri hii atachukuliwa hatua.
4. Hata hivyo, mtu anaweza kupita na chakula cha nyumbani kisichozidi debe moja, akiwa amekibeba kwa mwili wake.

Kwa niaba ya Afisa,
D. Mwasi, Karani


Chawia,
17 Januari 1977

Ndugu yangu mpendwa Donald,

Leo nakuita mpendwa. Kizuizi kimewekwa! Ni gogo la mti limepakwa chokaa, na askari mmoja anaitwa Nzomo, kijana wa Kikamba mwenye adabu, ana daftari na kiti. Tulishuka wote kwenda kukitazama. Tulichinja yule mbuzi mweupe kwa furaha, naye kwa mara ya kwanza alikuwa mgonjwa kweli. Danson alihutubia. Alisema serikali ni masikio, na sisi ndio sauti.

Tangazo lilisomwa barazani. Kile kifungu cha pili sikukisikia vizuri kwa vigelegele.

Mahindi yangu kule nyikani yamesimama, Donald, unaweza kujificha ndani yake umesimama wima. Wiki tatu nitavuna.

Njoo ule kabla mwaka huu haujawa mwaka juzi.

Tryphena


Chawia,
14 Februari 1977

Donald,

Sina salamu.

Nimevuna. Magunia kumi na mawili, kama nilivyosema. Nikakodi punda wanne wa Nduku kwa magunia manne ya kwanza, nikafika kwenye gogo, Nzomo akasimama. "Mama, kibali." Nikamwambia kijana, gogo hili ni langu, nimeliomba mimi. Akasema anajua, akafungua daftari, akatoa nakala ya barua yetu ambayo amepewa aitumie kujibu wanaobishana. Sahihi ya kwanza ni yangu! Akaniuliza kwa upole, "Mama, huyu Tryphena Wakesho ni wewe au ni mwingine?"

Nilifikiria kusema ni mwingine.

Nikamwambia haya si mahindi ya chini, haya ni mahindi yangu. Akauliza yametoka wapi. Nikasema yametoka chini. Punda wakanitazama.

Kumbe kibali hapewi mkulima, anapewa mwenye leseni. Na nikiwa nimesimama pale naona vumbi: lori la Mbaruk, limejaa mahindi ya Mata mpaka juu, lina kibali kimebandikwa kwenye kioo. Likapita. Dereva akanipungia mkono.

Nimeyarudisha magunia kwenye kibanda cha shambani. Na ndovu wametoka mbugani, Donald. Juzi walikuwa upande wa pili wa reli. Jana usiku nilisikia matawi yakivunjika, sikulala, nilipiga sufuria mpaka alfajiri. Ndovu hawaombi kibali cha kupita mahali. Hayo magunia yakiliwa, nyumba hii haina chakula mpaka mwakani. Nina wajukuu watano wanaokula kana kwamba wanalipwa.

Niandikie kibali. Wewe ndiye mwenye taipureta. Nilikubeba mgongoni miaka miwili, na ulikuwa mzito.

Tryphena


Voi,
17 Februari 1977

Dada,

Barua yako niliisoma chooni, ili nisionekane.

Siwezi. Vibali vina nambari, na Bwana Afisa anavihesabu yeye mwenyewe kila jioni kabla ya kufunga kabati. Nikimpa dada yangu kibali, kesho nitakuwa nikikusaidia kupiga sufuria. Nilijaribu kumweleza kwamba watu wa mlimani wana mashamba mawili mawili, moja juu na moja chini, tangu enzi za babu zetu, ili jua likiunguza hili, mvua iliangukie lile. Akaniuliza, "Sasa mbona hawakusema kwenye barua?" Nikajifanya natafuta faili, kwa kuwa barua niliitaipu mimi. Akasema mtoto akililia wembe, mpe.

Dada, soma tangazo tena. Soma kifungu cha nne. Kisome polepole, na usikisome ukiwa peke yako.

Ichome barua hii.

Donald


Voi, Mtaa wa Sokoni,
20 Februari 1977

Kwa Mama Tryphena, Mwenyekiti wa Umoja,

Salamu nyingi zikufikie. Nimepata habari ya mzigo wako uliokwama na nimesikitika sana, maana jirani ni jirani hata akiishi mlimani. Mimi niko tayari kuununua mzigo wote pale pale shambani, kwa bei ya chini, kwa sababu uko chini. Kisha nitaupandisha kwa kibali changu, na wewe utaununua kwangu huko juu, kwa bei ya juu, kwa sababu utakuwa juu. Si mimi, mama, ni mlima.

Wala usione kwamba tulikufanyia hila. Sote tulipigania haki zetu kwa njia ya halali, na kwa kalamu ile ile. Ndugu yako Bwana Donald ametuandikia vizuri sana nyinyi na sisi. Yale maneno ya machozi ya mnyonge nayakumbuka mpaka leo. Mkono wake una baraka.

Jirani yako,
Mbaruk Abdulghani


Chawia,
3 Machi 1977

Donald,

Kwanza nitakueleza habari njema, kisha nitakutukana.

Tulikisoma kifungu cha nne, akina mama wote wa kikundi chetu cha kulimiana, Dinah akisoma na Margaret akirudia. Debe moja kwa mtu mmoja, amebeba kwa mwili wake. Tukatazamana. Kila mmoja wetu, Donald, kila mmoja, ana kipande cha shamba kule nyikani, na kila mmoja alikuwa amekaa kimya wiki mbili akiona haya kusema kuwa mahindi yake yamekwama nyuma ya gogo aliloliomba mwenyewe. Dinah ana magunia saba. Danson ana manane, na ndiye aliyehutubia!

Tukaamua kuanza na yangu, kwa kuwa ndovu walikuwa karibu nami. Gunia moja ni debe tano, magunia kumi na mawili ni debe sitini. Tuliteremka akina mama ishirini na watano. Lakini tulipofika kibandani tukakuta ukuta mmoja umelala. Ndovu walikuwa wametangulia. Magunia mawili yamekwisha, na mbegu za maboga wamekula vilevile. Nilikaa chini nikalia, nakwambia wazi. Nililia machozi yale yale uliyokuwa unawauzia watu.

Nikanyanyuliwa. Tukapima debe hamsini, tukapanda mstari mmoja, tukiimba nyimbo za kanisa ili tusihesabu hatua. Nzomo akatuandika mmoja mmoja: debe moja, debe moja, debe moja. Tukamwaga juu, tukashuka, tukapanda tena. Safari ya pili akaniuliza, "Mama, si ulishapita?" Nikamwambia tangazo halisemi mtu apite mara ngapi. Akalisoma tangazo, akakubali, akampa Dinah kiti apumzike. Siku zilizofuata tukamalizia ya wengine. Daftari la Nzomo limejaa, ameomba jipya.

Kwa hiyo nina magunia kumi. Nimepungukiwa na debe kumi, na hizo ndizo zingenivusha miezi ya mwisho kabla ya mavuno. Sijui nitafanyaje.

Sasa matusi. Nimepata barua ya Mbaruk. Wewe, Donald Mwasi, ulituandikia sisi, ukawaandikia na wao, kisha ukaandika tangazo la kutujibu sote! Ulikuwa unajiandikia barua wewe mwenyewe, na sisi ndio stempu. Halua ilikuwa tamu? Ningekuwa Voi ningekuvuta sikio mbele ya Afisa wako.

Lakini Umoja umekutana, na umeamua. Tunataka barua nyingine. Hatutaki kizuizi kiondolewe. Kikiondolewa, Mata na Chala watatufurika. Tunataka kisogezwe. Kiwekwe ng'ambo ya mashamba yetu ya nyikani, upande wa Taveta, ili mahindi yetu ya chini yawe ya juu. Na vibali vifutwe, hata cha Mbaruk. Andika upesi. Safari hii yatie machozi ya kweli, unajua sasa yametoka wapi.

Tryphena


Taveta,
8 Mei 1977

Dada Tryphena,

Usishangae kuona neno Taveta hapo juu.

Barua yenu ya kusogeza kizuizi niliiandika usiku mmoja, na kwa haraka nikaweka yale maneno ya mwisho niliyoyazoea. Bwana Afisa aliniita. Mezani alikuwa ameweka barua tatu: ya kwenu ya kwanza, ya Mbaruk, na ya kwenu ya pili. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho wa kila moja. Akaniuliza, "Donald, haya machozi ni ya nani?" Nikasema ni ya wananchi. Kisha akasema nitafaa zaidi Taveta, kwa sababu huko wana mifereji na hawahitaji kuloweshewa ardhi.

Ombi lenu alilikubali lote, pamoja na kufuta vibali. Alisema ni barua ya kwanza iliyoeleza watu wanalima wapi. Mbaruk alinisindikiza stesheni na halua. Hana kinyongo, ameshaanza biashara ya vitunguu, ambavyo bado hakuna aliyevililia.

Nimepangishwa nyumba na mzee mmoja wa Mata. Siku ya tatu wakulima wa hapa walinifuata, wakasema wamesikia nina kalamu. Wanataka kuandika kuhusu kizuizi kibaya kilichowekwa na watu wenye choyo wa mlimani, wakiongozwa na mama mmoja mkali. Nikawauliza anaitwa nani. Wakanitajia jina lako, Dada, pamoja na la baba yetu. Nikasema taipureta imeharibika.

Nina neno ambalo sikulisema Februari. Kile kifungu cha nne hakikuombwa na mtu yeyote. Nilikumbuka shamba la marehemu shemeji, nikakiingiza mwenyewe wakati wa kutaipu, na Bwana Afisa, kwa sababu ya mkono wake, akaniambia nitie sahihi kwa niaba yake, bila yeye kusoma. Sikuweza kuizuia amri yote. Niliweza kuitoboa tundu la ukubwa wa debe. Nisamehe, lilikuwa dogo.

Nimenunua hapa magunia mawili, debe kumi ulizopungukiwa. Nilitaka kuyapakia kwenye gari moshi yaje Bura, lakini kile kizuizi chenu kipya kinakagua mpaka stesheni. Kifungu cha nne kimebaki kama kilivyo. Nifanyeje? Unataka niandike barua kiondolewe? Nikiiandika mimi kutoka huku, naamini nitaweza.

Ndugu yako,
Donald


Chawia,
21 Mei 1977

Donald,

Usithubutu kuandika barua yoyote.

Nimekaa nimefikiri, nimehesabu kwa vidole. Debe moja kwa mtu mmoja, kwa mwili wake. Una debe kumi. Kutoka sasa mpaka mavuno ya Februari na siku kidogo ni miezi kumi. Basi kila mwisho wa mwezi utapanda gari moshi na debe lako moja, utashuka Bura, utalibeba kichwani, utapanda mlima huu kwa miguu yako, utaoga, utakula, utalala kwenye kitanda cha mama, ambacho tangu azikwe nakipangusa kila Jumamosi sijui kwa ajili ya nani. Jumapili utaonekana kanisani. Jumatatu utarudi kwa hao maadui zangu wa Mata, uwasalimie.

Nimekukumbuka sana, mjinga wewe.

Umoja ukikutana, atakayesema kizuizi kiondoke tutakosana. Kikae mpaka mwakani.

Nzomo amehamishiwa kile kizuizi kipya. Nimeshamweleza sura yako ilivyo, na amekufungulia ukurasa wako kwenye daftari. Amesema mwezi ambao hutafika na debe, ataniarifu mimi kwanza.

Dada yako,
Tryphena Wakesho